Kizunguzungu cha shingo: kusoma dalili, kutafuta chanzo, kukirekebisha

Shingo imekaza, kichwa kinaelea, na ukitembea unahisi ardhi inakukwepa. Malalamiko haya matatu huja pamoja mara nyingi kwa watu wanaoinamia kazi kutwa: mafundi cherehani, wasusi, wanafunzi, makarani, madereva, na siku hizi karibu kila mwenye simu. Presha inapimwa, iko sawa. Malaria haionekani. Mgonjwa anarudi nyumbani na dawa ya kutuliza maumivu, na shingo yenyewe hakuna aliyeigusa.

Ubongo hujua kichwa kiko wapi kwa kulinganisha taarifa za sehemu tatu: macho, sikio la ndani na shingo. Chini ya kisogo, kati ya fuvu na pingili mbili za kwanza, kuna misuli midogo minne kila upande. Nguvu yake si kubwa. Kazi yake hasa ni kupima. Ina vihisi vya mvutano vingi mno kwa ukubwa wake, na taarifa zake hufika kwenye vituo vilevile vya shina la ubongo vinavyopokea taarifa za sikio la ndani. Misuli hiyo ikikaza au ikichoka, hupeleka taarifa isiyokubaliana na ya macho na masikio. Ubongo unapokosa pa kushika, wewe unayumba.

Hakuna kipimo cha damu wala picha inayothibitisha kizunguzungu cha shingo. Hata eksirei ikionyesha pingili zimesagika, hilo halitoshi, maana watu wengi waliopita miaka 50 wana pingili za namna hiyo na hawana kizunguzungu. Kwa hiyo shingo hutajwa mwisho, baada ya sikio, presha, damu na dawa kukaguliwa. Anayeanza na shingo anaweza kujikuta anakanda mabega ya mtu mwenye kiharusi.

Usijaribu lolote, nenda hospitali sasa hivi

Acha kusoma utafute usafiri ukiona mojawapo ya haya pamoja na kizunguzungu:

- Uso umeanguka upande mmoja, ulimi mzito, unaona vitu viwili viwili, kumeza kunashindikana, mkono au mguu umekufa ganzi au umelegea, au huwezi kusimama bila kushikiliwa.
- Maumivu mapya na makali ya shingo au kisogo, ya aina ambayo hujawahi kuyapata. Huenda ni ukuta wa mshipa mkubwa wa damu wa shingoni umechanika. Hutokea baada ya ajali, baada ya shingo kusokotwa, na wakati mwingine bila sababu inayoonekana.
- Homa, kichwa kuuma, na kidevu hakigusi kifua. Hiyo ni ya kutibiwa kama homa ya uti wa mgongo hadi daktari aseme vinginevyo.
- Sikio moja limeacha kusikia ghafla.
- Umezimia, moyo unaenda mbio ovyo, au kifua kinabana.
- Vidole vimekuwa vizito kufunga vifungo, miguu imekakamaa, mkojo unashindwa kutoka au kuzuilika. Hapo uti wa mgongo wenyewe unabanwa.
- Una mimba iliyopita nusu na kichwa kinauma sana au unaona nyota machoni.

Kama hakuna hata moja, tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako. Jiulize maswali matatu: kinaanzaje, kinakaa muda gani, na kinakuja na nini.

Kichwa kinaelea, unayumba kidogo, shingo imekaza, na kinazidi jioni au baada ya kuinama

Hii ndiyo sura halisi ya kizunguzungu cha shingo. Chumba hakizunguki. Unajihisi kama uliyeshuka kwenye boti, huku kisogo kikivuta. Huchukua dakika kadhaa hadi saa kadhaa, huja na maumivu ya shingo au ugumu wa kugeuka, na hupanda na kushuka pamoja nayo. Kama huna maumivu ya shingo kabisa, shingo si mshukiwa wako. Ruka uende dalili zinazofuata.

Chanzo cha kawaida zaidi ni mkao wa kichwa kutangulia mbele ya mabega. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 4.5 hadi 5 kikikaa sawa juu ya shingo. Makadirio ya kimahesabu yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba kikiinamishwa nyuzi 60, kama watu wengi wanavyotazama simu mapajani, mzigo kwenye shingo hufika karibu kilo 27. Ili macho yaendelee kutazama mbele, misuli midogo ya kisogo hulazimika kujikunja na kubaki hivyo kwa saa nyingi, huku misuli ya ndani ya mbele ya shingo, iliyopaswa kugawana kazi, ikilegea.

Chanzo cha pili, na hiki hupuuzwa sana, ni kupumua kwa kifua cha juu. Weka mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni ukae kimya dakika moja. Mkono wa kifuani ukipanda kuliko wa tumboni, misuli ya mbele na kando ya shingo inafanya kazi ya kuinua mbavu kutwa nzima. Mtu mwenye wasiwasi au aliyebanwa na kazi hupumua hivi bila kujua, tena kwa haraka. Hewa chafu hutoka damuni kupita kiasi, mishipa ya damu ya ubongo hupungua upana, kichwa kinakuwa chepesi, na vidole na midomo huanza kuwasha kama vinachomwa na sindano. Basi kizunguzungu kinapata mlango mwingine zaidi ya ule wa shingo.

Kisha kuna sababu za kazi na za nyumbani: kusukwa nywele saa nyingi kichwa kikivutwa upande, ndoo ya lita 20 kichwani (maji peke yake ni kilo 20), mto mnene mno, kulala kifudifudi na uso umegeuzwa upande mmoja. Miwani ambayo kila lenzi ina sehemu mbili, ya juu ya kuona mbali na ya chini ya kusomea, nayo imo: mtumiaji huinua kidevu ili asome kompyuta kwa sehemu ya chini ya lenzi, na kisogo kinabanwa siku nzima.

*Ukaguzi mwepesi.* Kaa kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, ufumbe macho. Msaidizi asimame nyuma, ashike kichwa chako kwa viganja viwili, bila kukandamiza, kisitikisike. Sukuma kwa miguu, kiwiliwili kigeuke kushoto nyuzi 45, ukae sekunde 30. Rudi katikati sekunde 30, kisha kulia. Hapo sikio halijasogea. Kilichojipinda ni shingo tu. Mara ya pili geuka kiwiliwili na kichwa pamoja, kwa kiasi kilekile. Kizunguzungu kikija mara ya kwanza tu, shingo inashukiwa. Kikija mara zote mbili, elekea kwenye sikio. Kipimo hiki hakikati shauri peke yake, na kisifanywe baada ya ajali wala kwa mtu mwenye maumivu mapya na makali.

Ukaguzi wa pili unahitaji kalamu ya leza iliyofungwa kwenye utepe wa kichwani. Kaa sentimita 90 kutoka ukutani, weka alama pale mwanga unapogonga ukitazama mbele. Fumba macho, geuza kichwa kushoto mpaka mwisho unaoweza bila maumivu, rudi pale unapodhani ni katikati, fumbua. Rudia mara sita kila upande. Ukikosea wastani wa zaidi ya sentimita 7, shingo yako imepoteza uwezo wa kujua ilipo. Mwanga wa leza usielekezwe machoni mwa mtu. Andika namba uliyoipata, maana baada ya wiki kadhaa za mazoezi utaipima tena, na ni ushahidi mzuri kuliko kukumbuka ulivyojisikia.

*Marekebisho, kwa mpangilio huu.*

Anza na kazi yenyewe. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho, umbali wa sentimita 50 hadi 70. Kompyuta mpakato iinuliwe kwa vitabu na ipewe kibodi ya pembeni. Simu ipandishwe hadi usawa wa kifua, kiwiko kikipumzishwa juu ya begi au mto. Fundi cherehani ainue kiti au apunguze umbali wa kitambaa, badala ya kupeleka uso kwenye sindano. Anayesukwa aombe kunyanyuka kila nusu saa, hata kama msusi ana foleni. Maji yabebwe kwa madumu mawili madogo mikononi au kwa mkokoteni mpaka shingo itulie. Ngata hulinda utosi, haipunguzi uzito.

Pili, legeza kisogo. Tia mipira miwili ya tenisi ndani ya soksi, funga fundo. Lala chali, iweke pale fuvu linapokutana na shingo, mmoja kila upande wa uti, uache uzito wa kichwa ufanye kazi dakika 2 hadi 3. Kama huna mipira, taulo lililokunjwa gumu linafaa. Taulo la moto mabegani kwa dakika 15 kabla ya hapo husaidia. Ukikanda msuli mnene wa mbele unaotoka nyuma ya sikio hadi kifuani, ushike katikati ya kidole gumba na cha shahada, upande mmoja kwa wakati. Usikandamize pande zote mbili pamoja, na usiguse panapodunda: kubana mshipa ule kunaweza kuteremsha presha ghafla mpaka mtu azimie.

Tatu, rudisha nguvu ya misuli ya ndani. Lala chali bila mto au na taulo jembamba. Tikisa kichwa taratibu kama anayesema ndiyo, kidevu kikirudi nyuma sentimita 1 au 2 tu, kisogo kikirefuka juu, kichwa kisinyanyuke. Shikilia sekunde 5, mara 10, mara mbili kwa siku. Weka vidole mbele ya shingo: ukihisi ile misuli miwili minene imesimama kama kamba, umetumia nguvu kupita kiasi na misuli ya ndani haikufanya kazi. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanavuta kidevu kwa nguvu, wanabana kisogo kilekile walichotaka kukilegeza, na kesho yake wanasema mazoezi yamewaumiza.

Nne, na hii ndiyo hatua inayotibu kizunguzungu chenyewe kuliko maumivu: fundisha shingo na macho kuelewana upya. Nyoosha mkono, tazama ukucha wa kidole gumba, geuza kichwa kushoto na kulia kidogo huku macho yamebaki pale pale na ukucha haufifii. Sekunde 30, pumzika, mara tatu. Endelea na lile zoezi la leza kama mazoezi, si kipimo tu. Ukishaweza, simama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, karibu na ukuta wa kushika. Kizunguzungu kidogo kikipanda kisha kikaisha ndani ya dakika chache ni kawaida. Kikikaa saa nzima, punguza nusu.

Kwa pumzi: vuta kwa pua hesabu ya 4, toa hesabu ya 6, dakika 5, asubuhi na usiku.

Chumba kinazunguka kwa nguvu ukigeuka kitandani, sekunde chache tu

Wengi husema "nimelala vibaya, shingo imenizungusha". Mara nyingi sana si shingo. Chembe ndogo za chokaa zilizo ndani ya sikio zimetoka mahali pake zikaingia kwenye mfereji wa usawa, na kila ukibadilisha mlalo zinateleza. Alama zake: hudumu chini ya dakika moja, huja ukilala, ukigeuka ubavu, ukiinama au ukitazama juu, na kati ya mara moja na nyingine uko karibu sawa.

Shingo huingia baadaye. Mtu anaogopa kugeuza kichwa, anatembea akiwa amekikakamaza, na baada ya wiki mbili ana matatizo mawili. Kukanda mabega kutapunguza la pili na la kwanza litabaki.

Tiba yake ni mfululizo wa kulaza na kugeuza kichwa ili chembe zirudi zilikotoka, na mara nyingi kikao kimoja au viwili vinatosha. Mara ya kwanza ifanywe na daktari wa masikio, pua na koo au fiziotherapisti (mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi) anayeijua, kwa kuwa ni lazima ajue ni sikio lipi, na kwa kuwa kichwa huning'inizwa nyuma, jambo lisilofaa kwa shingo yenye shida.

Giza machoni ukisimama

Tafuta damu na presha, usitafute shingo. Lala dakika 5, pima presha, simama, pima tena baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, chanzo umekipata. Kinachosababisha, kuanzia kilicho cha kawaida: maji kidogo mwilini, dawa za presha, upungufu wa damu, kisha kuvuja damu ndani. Kinyesi cheusi kama lami ni cha kwenda hospitali siku hiyohiyo. Usiache dawa za presha mwenyewe. Mwenye kisukari apime sukari kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Kizunguzungu ukitazama juu

Anayepaka rangi dari, fundi umeme, anayeanua nguo kwenye kamba ya juu, mteja wa saluni aliyelaza shingo kwenye sinki. Kikidumu sekunde chache na chumba kikazunguka, rudi kwenye chembe za sikio. Kikibaki kama kuelea pamoja na maumivu, ni misuli na viungo vya juu vya shingo vilivyobanwa: panda ngazi hatua moja zaidi ili kazi iwe usawa wa uso, na shusha mikono kila dakika 10.

La saluni lina uzito wake. Ukingo wa sinki hukunja shingo nyuma na kuibana kwa dakika nyingi, na tangu miaka ya 1990 madaktari wameandika juu ya watu waliopata kiharusi baada ya kuoshwa nywele namna hiyo. Ni nadra, lakini kinga yake haigharimu kitu: taulo nene chini ya shingo, shingo isining'inie, na ukianza kuona kizunguzungu au ukungu machoni, inuka hata kama povu limejaa kichwani. Mzee au mwenye presha aoshwe akiinamia mbele.

Kilianza baada ya ajali, au baada ya kinyozi kukusokota shingo

Baada ya ajali ya bodaboda au gari kugongwa kwa nyuma, usijipime wala kujinyoosha. Kaa bila kugeuza kichwa, shingo ikaguliwe kwanza. Ikishathibitika hakuna kilichovunjika, kizunguzungu cha wiki zinazofuata mara nyingi ni cha vihisi vya shingo vilivyojeruhiwa, na mazoezi ya macho na leza yaliyotajwa juu ndiyo yanayokifaa, chini ya fiziotherapisti. Kola ya shingo kuvaliwa kwa wiki nyingi bila agizo hulegeza misuli na kuchelewesha kupona.

Kuhusu kinyozi: kukandwa mabega baada ya kunyolewa hakuna neno. Kusokota kichwa ghafla mpaka shingo ilie ni jambo jingine. Mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo hupita ndani ya matundu ya pingili za shingo, na mzunguko wa ghafla unaweza kuichana. Mwambie kabla hajaanza kwamba kichwa hakigeuzwi. Kama tayari umegeuzwa na ndani ya siku chache ukapata maumivu mapya ya shingo au kisogo, rudi kwenye orodha ya hatari iliyo juu, usingoje asubuhi.

Masikio yanavuma, au kichwa kinauma upande mmoja

Masikio kuvuma na kusikia kupungua ni mambo ya sikio lenyewe au dawa. Kwinini huleta mvumo na kizunguzungu. Sindano za jentamaisini na streptomaisini zinaweza kuharibu sikio la ndani kabisa. Mwambie aliyekuandikia dawa siku hiyohiyo.

Kipandauso kinaweza kuleta kizunguzungu cha dakika 5 hadi siku 3, na wengi wenye kipandauso hukaza shingo kabla hakijaanza. Mwanga na kelele vikikukera wakati huo, mweleze daktari. Shingo hapo ni dalili, si chanzo.

Umefanya mazoezi, hakuna nafuu

Ipe mipango hii wiki 4 hadi 6, mradi hakuna dalili ya hatari. Kabla ya kukata tamaa, angalia kama bado unameza vidonge vya kizunguzungu kila siku. Sinarizini na jamii yake hufaa siku chache za mwanzo. Zikitumika kwa miezi, huuzuia ubongo usizoee, na kwa wazee zinaweza kuleta kutetemeka na kukakamaa mwili. Angalia pia mto: ukilala ubavu, ujaze nafasi iliyo kati ya sikio na godoro, usizidi.

Ukienda kwa fiziotherapisti, beba namba zako za leza, presha ya kulala na ya kusimama, na majina ya dawa zote. Mtaalamu mzuri atauliza kuhusu dalili za hatari, atatazama mwendo wa macho yako na atapima presha kabla ya kugusa shingo. Akianza kwa kuipinda, mwambie asimame.